Kutoka joto la Rio hadi barafu ya Antaktika kwa sanduku moja: jinsi ya kujiandaa kwa safari ndefu ya meli

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya safari hii baridi niliyoijua ilikuwa ya Lushoto mwezi wa saba, ile ya kulala na mablanketi mawili. Shangazi yangu, mstaafu wa miaka 67, alipolipiwa na wanawe safari ya meli akaniomba nimsindikize, nilianza kuhangaikia makoti. Njia yetu ilikuwa hii: Rio de Janeiro, Montevideo, Buenos Aires, visiwa vya Falkland, maji ya Antaktika, Rasi ya Horn kwenye ncha ya Amerika Kusini, Ushuaia ya Argentina, kisha kupanda na pwani ya Chile hadi San Antonio. Makoti tuliyamaliza kwa wiki moja. Makaratasi yalitaka miezi mitano, na afya ya shangazi ilitaka mitatu. Ndiyo maana mwongozo huu unachelewa kufika kwenye nguo. Ukianza na nguo utakuwa na sanduku zuri na viza hakuna.

Hatua ya kwanza: jua meli unayopanda ni ya aina gani

Msimu wa Antaktika ni Novemba hadi Machi, karibu sawa na miezi ambayo kaskazi inavuma kwetu. Ndicho kiangazi cha kule. Nje ya miezi hiyo bahari huganda na meli za abiria haziendi.

Kabla hujalipa hata shilingi, uliza swali moja: meli inabeba abiria wangapi? Chini ya utaratibu wa nchi za Mkataba wa Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu yeyote kule. Utaona milima, siwa barafu na nyangumi kutoka sitahani, basi. Meli ndogo hushusha watu kwa boti za mpira, na hata hizo haziruhusiwi kuwa na zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Nimekutana na watu waliolipa pesa nyingi wakidhani watatembea kati ya pengwini, wakagundua ukweli siku ya tatu baharini. Meli kubwa ina raha zake: bei ni nafuu, inayumba kidogo, na ina hospitali nzuri zaidi. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu ningeichagua. Lakini chagua ukijua.

Hatua ya pili: makaratasi

Hapa ndipo Watanzania na Wakenya tunapokwama kuliko Wazungu tunaosafiri nao, maana wao wengi huingia nchi hizi bila viza. Chukua ratiba ya meli, andika kila bandari kwa mfuatano, na kando ya kila bandari andika nchi yake. Kisha hesabu unaingia kila nchi mara ngapi. Meli ikitoka Buenos Aires kwenda Falkland, halafu ikatia nanga Ushuaia, umetoka Argentina na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitatosha; omba ya kuingia mara nyingi. Falkland ni eneo la Uingereza lenye sheria zake za uhamiaji, kwa hiyo nalo liulizie peke yake. Usikubali jibu la "ukiwa ndani ya meli huhitaji viza". Kwa pasipoti nyingine ni kweli, kwa zetu mara nyingi si kweli, na anayekaguliwa siku ya kupanda ni wewe. Ukikosa viza ya nchi moja tu katika njia yote, unaweza kuzuiwa usipande kabisa.

Argentina na Chile zina balozi Nairobi. Brazil ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Anza miezi mitano au sita kabla. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita baada ya siku ya kurudi, pamoja na kurasa tupu za kutosha. Toa nakala tatu, maana meli nyingine hukaa na pasipoti za abiria hadi mwisho wa safari.

Kadi ya njano usiisahau. Sisi tunatoka ukanda wa homa ya manjano na tutaulizwa njiani. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hakina tena mwisho wa miaka 10. Aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa azungumze kwanza na daktari, kwani madhara kwa umri huo, ingawa ni nadra, huwa makali zaidi.

Tiketi ya ndege ipangwe ufike mjini siku mbili kabla ya meli kuondoka. Meli haisubiri. Sanduku la shangazi lilichelewa siku moja na nusu, likatufikia hotelini asubuhi ya kupanda meli. Tungefika siku ileile, angeenda Antaktika na gauni la safari na mkoba.

Hatua ya tatu: mwili

Miezi mitatu kabla, nenda kwa daktari na kwa daktari wa meno. Jino linalouma kidogo hapa linaweza kukutesa siku kumi kule, na daktari wa meno hayupo melini. Dawa za kila siku (presha, sukari, pumu) beba za safari nzima na nyongeza ya wiki mbili, zote kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake za awali pamoja na cheti cha daktari chenye majina ya kitaalamu ya dawa.

Bima ya safari iseme wazi kwamba inalipia kusafirishwa kwa dharura kutoka Antaktika. Bima nyingi za kawaida hazisemi. Kumtoa mgonjwa kule hadi hospitali ya Punta Arenas, kusini mwa Chile, au Ushuaia kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, na hali ya hewa ikikataa ndege haipai hata ukiwa na hela. Soma pia kifungu cha magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Tuliandika presha ya shangazi kwenye fomu ingawa ilitupandishia bei, kwa sababu ukificha ugonjwa bima ina haki ya kukataa kulipa.

Jambo moja sijaliona likiandikwa popote, na kwetu ni muhimu kuliko yote ya sehemu hii. Ukipata homa ndani ya wiki za mwanzo za safari, mwambie daktari wa meli mara moja: "Natoka eneo la malaria." Dalili zinaweza kuanza wiki moja hadi mwezi baada ya kuumwa na mbu, na daktari anayemwona mgonjwa katikati ya barafu atafikiria mafua kwanza. Muulize daktari wako wa nyumbani kuhusu kubeba kipimo cha haraka na dozi ya dawa ya mseto.

Kwa tumbo, nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo. Ile jeli ya mikono inayowekwa mlangoni haina nguvu dhidi ya norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika kinachoenea haraka melini.

Fanya mazoezi ya ngazi na ya kusimama kwa mguu mmoja, dakika chache kila siku. Melini utashika ukuta mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya nne: bahari ikichafuka

Kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Shetland ya Kusini, vilivyo jirani na Antaktika, kuna mlango wa bahari unaoitwa Drake, upana wake kiasi cha kilomita 800. Bahari ya kusini inaizunguka dunia bila nchi kavu ya kuizuia, na hapo inabanwa ipite. Meli ndogo huchukua karibu siku mbili kuvuka. Siku nyingine ni shwari kama maji ya mtungini. Siku nyingine mawimbi yanapita mita saba.

Watu wa pwani tunalijua jibu la chumba, wazee wameliweka kwenye methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, ndiko kunakorushwa. Chukua chumba cha katikati ya meli na cha chini. Kina dirisha dogo, pengine hakina kabisa, na ni cha bei nafuu, lakini utalala.

Dawa hunywewa kabla, si baada ya kuanza kutapika. Sinarizini na promethazini zinapatikana kwenye maduka yetu ya dawa. Promethazini hulewesha usingizi sana. Kuna pia kibandiko cha skopolamini cha nyuma ya sikio, hubandikwa saa nne au zaidi kabla na hukaa hadi siku tatu. Hakimfai mwenye glakoma (presha ya macho), na ukikigusa kisha ukagusa jicho utaona ukungu. Jaribu dawa yako nyumbani siku ya mapumziko ujue inakufanyaje. Tangawizi kavu, biskuti zisizo na sukari nyingi na tufaha vilimsaidia shangazi. Kukaa na tumbo tupu kulimzidishia.

Hatua ya tano: nguo

Rio mwezi wa kwanza ni nyuzi 30 na zaidi, na jasho lake ni la Dar hasa. Falkland na Ushuaia ni kama nyuzi 10 hadi 15 mchana, kwa upepo. Kwenye rasi ya Antaktika wakati wa kiangazi joto huchezea kwenye sifuri, labda mbili chini, labda nne juu. Sifuri! Watu hudhani ni hamsini chini. Hiyo ni bara la ndani wakati wa giza, ambako hupelekwi. Kinachokuuma kule ni upepo na maji. Nyuzi sifuri yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili unaihisi kama saba chini ya sifuri, na ukiwa umelowa ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo usinunue koti moja zito kama godoro. Vaa tabaka.

Tabaka la kwanza linagusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za sufu laini au poliesta. Pamba usiiguse. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto. Mimi nilipanda boti na suruali ya jinzi chini ya suruali ya mvua, wimbi likaingia kiunoni, na jinzi ile ilikaa mbichi hadi usiku huku mapaja yakiwa hayana hisia. Chukua pea mbili au tatu za tabaka hili, unafua usiku na kuanika bafuni.

Tabaka la pili ni la kutunza joto: sweta la sufu au flisi, na koti jepesi lililojazwa manyoya ukiwa nalo. Tabaka la tatu ni la kuzuia upepo na maji, koti na suruali, viwe vikubwa kidogo ili vingine viingie ndani. Suruali isiyopitisha maji ndiyo watu husahau, na ndiyo inayokuokoa kwenye boti. Uliza kampuni kabla hujanunua: meli nyingi ndogo huazima mabuti marefu, na baadhi hutoa koti.

Ukienda maduka ya kitalii utalipa mamilioni. Nenda mitumba. Gikomba ya Nairobi, Kongowea ya Mombasa, Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi: makoti ya kuteleza kwenye theluji yanakuja kwenye marobota na wengi hawayataki, kwa hiyo yanauzwa bei ya kawaida kabisa. Tafuta lebo ya sufu, jaribu zipu zote, mwagia maji kidogo mgongoni uone kama yanateleza au yanazama. Moshi na Arusha kuna faida ya pili, maduka yanayokodisha na kuuza vifaa vya kupanda Kilimanjaro. Waongozaji wa mlima wanajua kuvaa tabaka kuliko muuzaji yeyote wa mjini. Nusu saa na mmoja wao ilinifaa kuliko wiki nzima ya kusoma mtandaoni.

Mikono: glavu nyembamba ndani na kubwa zisizopitisha maji juu, ili ukitaka kupiga picha uvue moja tu. Kichwa: boshori linalofunika masikio. Wanaojitanda, hijabu ya jezi inayobana chini ya boshori ni joto zuri mno na haipeperuki kama mtandio. Shingo: shali au mrija wa kitambaa. Miguu: soksi nene za sufu, lakini zisibane, kwani mguu uliobanwa damu haipiti na vidole vinaganda ndani ya soksi tatu.

Upande wa joto beba kidogo. Nguo za siku nne tano, kandambili, na kanga mbili. Kanga ilikuwa shuka, taulo, pazia la mwanga wa usiku, na siku ya Montevideo ilikuwa mtandio wa jua. Meli nyingi zina usiku wa mavazi rasmi: kanzu na koti, au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, vinatosha na vinapendeza kuliko suti ya kuazima. Kila unachovaa upande wa joto kiwe kinaweza kuvaliwa juu ya tabaka la kwanza, ndipo sanduku moja la kilo 23 linapotosha.

Hatua ya sita: ngozi na macho

Wengi wetu tunaamini ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na kule anga lenyewe ozoni yake, hewa inayochuja miale hiyo, hupungua kila mwaka ifikapo majira ya kuchipua. Nilitoka na midomo iliyopasuka na ngozi ya chini ya kidevu imebabuka, mahali ambapo nyumbani jua halifiki kamwe. Losheni ya kukinga jua, ya midomo pia, na miwani ya giza inayofunika pembeni.

Mafuta ya nazi yaache nyumbani. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na kwenye chupa yenye mdomo mdogo hayatoki tena. Mafuta ya mgando ndiyo ya kubeba, makubwa, maana hewa ya kule na kipasha joto cha meli vinakausha ngozi hadi inatoa unga.

Hatua ya saba: simu, kamera, umeme

Zima mtandao wa simu na uiweke katika hali ya ndege mara tu meli inapong'oa nanga. Meli ina mnara wake wa setilaiti, simu hujiunga nao yenyewe, na bili huja kwa dola. Nunua kifurushi cha intaneti cha meli, na waage ndugu kwamba kuna siku utapotea hewani.

Betri huisha haraka kwenye baridi. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki na uiache ipate joto taratibu, la sivyo ukungu utaingia kwenye lenzi. Pasi na ekstensheni zenye kikinga umeme hunyang'anywa mlangoni. Pawabenki lazima iwe begi la mkononi kwenye ndege.

Hatua ya nane: chakula na swala

Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi miezi miwili au mitatu kabla, na siku ya kwanza uthibitishe na msimamizi wa chumba cha chakula. Ahadi ya simu haifiki jikoni.

Kwa Mwislamu swali la swala ni zito kuliko la chakula. Desemba na Januari kule kusini jua huzama kwa saa chache tu na giza halikamiliki, hivyo Isha na Alfajiri hazitenganiki. Wanazuoni wamelijibu hili kwa njia zaidi ya moja: wapo wanaosema ufuate nyakati za mji wa karibu ambako usiku unajulikana, wapo wanaosema Makka. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka, andika jibu lake, utulie nalo. Kibla usikitegemee kwa dira ya simu, maana chuma cha meli huipotosha. Angalia ramani ya safari kwenye televisheni ya chumba, inaonyesha meli inaelekea wapi, upige hesabu kutoka hapo.

Hatua ya tisa: kusafisha kabla ya kukanyaga

Hii ni kwa watakaoshuka. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 inalilinda bara zima, na mbegu moja ya nyasi kutoka kwetu ni tishio la kweli huko. Siku moja kabla, wafanyakazi watakagua nguo zako. Hapa mitumba inahitaji kazi ya ziada: geuza mifuko yote nje, chokonoa velkro (vile vifungo vya kunatanisha na kubandua) kwa sindano au kibano, fua koti nyumbani kabla ya safari na ulipige mswaki kwenye mishono. Kwenye mfuko wa koti langu la Karume tulikuta mbegu za nyasi na nywele za mnyama, pengine mbwa wa mtu wa Ulaya. Niliona aibu, kisha nikashukuru kwamba zilikutwa Tanga na si kule.

Mabuti huoshwa kwa dawa unapotoka na unaporudi. Chakula hakishuki. Choo hakuna, malizia melini. Pengwini mpe nafasi ya mita tano. Akikatiza njia yako, simama, njia ni yake. Kwa sababu ya mafua ya ndege, siku hizi huruhusiwi kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini.

Ukiingia kwenye boti, wewe na baharia mshikane vifundo vya mikono, si kiganja kwa kiganja. Glavu iliyolowa huteleza, kifundo hakitelezi.

Hatua ya kumi: usiku wa mwisho

Masanduku huwekwa nje ya mlango usiku na hutayaona hadi bandarini, hivyo bakiza nguo za kuvaa asubuhi, dawa na pasipoti. Bakshishi ya wafanyakazi kwa kawaida imeshakatwa kwenye akaunti yako kila siku. Hakiki bili kabla foleni haijawa ndefu.

Chile ni kali mno kwa vyakula na mimea inayoingia. Fomu itauliza kama una matunda, mbegu, asali, nyama au kitu cha mti. Jibu ndiyo hata kwa kidogo ulichonacho, kwani ukitangaza unakaguliwa tu, na ukificha unatozwa faini. Shangazi alikuwa na tende nusu pakiti na kijiko cha mwiko alichokibeba toka nyumbani. Alivitangaza vyote viwili. Afisa akavigeuza, akaviangalia pande zote, akamrudishia mwiko wake.